Upepo wa Pasaka na majukwaa yetu

Mhariri,

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, masika yenyewe, na bado matamasha ya viwanja vya wazi hapa Dar es Salaam hupangwa kana kwamba mvua ni mgeni. Mwandaaji akishakodi maturubai huona kamaliza kazi. Sisi tunaofunga majukwaa tunaogopa zaidi ule upepo unaoitangulia mvua.

Chukua bango la mdhamini la mita 6 kwa 4. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hulisukuma kwa nguvu ya takriban kilo 150. Kasi ikifika 72, nguvu hupanda hadi kilo 600, maana kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Nahodha wa jahazi angekwisha kutua tanga. Sisi tunaliacha juu, kwa kuwa mdhamini amelipia.

Paa nalo likilegea hufanya bwawa. Milimita 10 za mvua kwenye turubai la mita 12 kwa 10 ni lita 1,200, yaani tani moja na ushee juu ya mihimili iliyokwisha kubeba taa na spika. Vijana wakilisukuma kwa mti kutoka chini, maji yote hukimbilia upande mmoja na mihimili hupinda. Turubai likazwe na kupewa mteremko mapema. Vigingi kwenye mchanga uliolowa hung'oka, kwa hiyo kamba zifungwe kwenye matangi ya lita 1,000 yaliyojaa. Tangi tupu ni pambo.

Kwenye umeme, mazoea ya kuviringisha mfuko wa nailoni kwenye maungio ya nyaya ni mabaya: maji huteremka na waya hadi ndani ya mfuko na kubaki humo humo. Weka ungio juu ya kreti ya soda, uache waya uning'inie chini yake kabla haujapanda kuingia, ili maji yadondoke chini kutoka kwenye mpindo. Kila laini iwe na swichi ya kinga ya miliampia 30, inayokata umeme unapovuja.

Radi ikimulika, hesabu. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30, radi iko kilomita 10 au karibu zaidi: zima muziki, na usiwashe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Fundi wa sauti hawezi kuisikia; awekwe mtu mbali na spika, mwenye saa. Watu waelekezwe kwenye majengo na mabasi, si chini ya mwembe.

Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo uliangusha paa la jukwaa na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulionyesha haikuwa wazi nani mwenye mamlaka ya kuahirisha onyesho.

Kwa hiyo halmashauri, kabla ya kutoa kibali, idai karatasi moja tu: tahadhari ya siku tano ya TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, kasi ya upepo ya kushusha mabango (tunashauri kilomita 40 kwa saa), kasi ya upepo ya kuondoa watu, isiyozidi ile aliyoandika mtengenezaji wa jukwaa, na jina la mtu mmoja wa kusimamisha onyesho. Kipima upepo kifungwe usawa wa paa, si mezani kwa fundi. Na mtu huyo asiwe mshereheshaji wala mwenye mapato ya tiketi.

Mafundi wa majukwaa,
Kinondoni, Dar es Salaam