Somo yangu, kuhusu chuo cha mwanetu

Nyakato, Mwanza

Somo yangu mpendwa,

Hamjambo huko Dodoma? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata kwa mkono wa kaka yako, na karatasi za yule kocha wa Marekani nimezisoma zote. Mwanetu nilimwona Jumamosi akicheza kikapu pale Mirongo. Amekua, somo. Anaona pasi kabla wenzake hawajaifikiria, na akipoteza mpira halalamiki, anarudi kukaba. Sishangai kwamba kuna watu wanamtaka.

Umeniuliza aende wapi kati ya ile ofa ya Marekani, nafasi ya Uganda, na kubaki hapahapa Mwanza apande kilima cha Bugando akasome uuguzi. Najua shemeji anavutwa na Marekani, nawe unamtaka karibu. Mimi naomba majina ya nchi tuyaweke pembeni kwanza. Kila chuo kinachomtaka, kiombeni kitu kimoja: ratiba ya wiki ya kawaida, katikati ya msimu, ya msichana anayesoma uuguzi na anayecheza kwenye timu yao. Ya mchezaji mwingine yeyote haitufai. Kama msichana huyo yupo, mwanetu aongee naye. Kama hajawahi kuwepo, basi kocha anayesema "utasoma chochote unachotaka" anaahidi jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuliona likifanyika.

Naing'ang'ania hoja hii kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Uuguzi si kozi ambayo ukikosa kipindi unaazima daftari la mwenzako. Kuna saa za wodini, na saa hizo zinahesabiwa. Wanafunzi tunaowapokea kwenye wodi yetu ya mifupa wanafika asubuhi kabla zamu hazijakabidhiana, wanazunguka na madaktari, wanafunga vidonda, wanajaza kumbukumbu za wagonjwa, na wengine wanapangiwa usiku. Anayekosa anafidia, na muda wa kufidia anautafuta mwenyewe. Marekani nako uuguzi una saa zake za hospitali, ndiyo maana huko wapo makocha wanaowashawishi wachezaji wahamie kozi nyepesi. Wengine husema waziwazi kabla binti hajasaini, na hao nawaheshimu. Wengine husubiri mpaka ameshafika na hana pa kwenda.

Sasa weka kikapu juu ya hayo. Msimu wa vyuo vya Marekani unaanza Novemba na kwenda hadi Machi, kwa hiyo unaingia semesta zote mbili, na mitihani ya Desemba inawakuta wachezaji katikati ya msimu. Michezo inakaribia thelathini. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya huko, kina kanuni kwamba wakati wa msimu shughuli za timu zisizidi saa 20 kwa wiki wala saa 4 kwa siku, na kila wiki mchezaji apate siku moja ya kupumzika. Ukiisikia unaona ni ya haki. Lakini siku ya mchezo huhesabiwa saa 3 tu, hata kama binti ameondoka asubuhi akarudi usiku wa manane. Safari ya basi haihesabiwi, wala muda wa kutibiwa kifundo kilichovimba. Kwa sababu hiyo nataka kuona ratiba yenyewe, kanuni haitoshi.

Kuhusu pesa, mweleze shemeji taratibu, maana umeandika kwamba "analipiwa kila kitu" na karatasi hazisemi hivyo. NCAA huvipanga vyuo vyake katika madaraja matatu, na chuo hicho cha Marekani kiko daraja la pili. Huko kocha wa timu ya wanawake ana fungu lenye thamani ya udhamini kamili 10, naye anaruhusiwa kuligawa kwa timu nzima: huyu nusu, yule robo. Daraja la tatu halitoi kabisa pesa kwa ajili ya michezo, ingawa chuo chenyewe kinaweza kumsaidia mtu kwa matokeo yake au kwa hali ya familia. Hata Harvard na wenzake wa Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vya huko, walio daraja la kwanza, hawatoi udhamini wa michezo. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha ni hili: ada, chumba, chakula, vitabu na bima vikijumlishwa, sisi tunabakiwa kulipa dola ngapi kila mwaka? Ajibu kwa maandishi. Aseme pia kama udhamini ni wa mwaka mmoja mmoja, unaoamuliwa upya kila msimu ukiisha, au ni wa miaka yote ya kozi, maana aina zote mbili zipo. Mkibakiwa na pengo, msidhani atalijaza kwa kibarua. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kwenda mjini kutafuta kazi. Anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, nazo zisizidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yakiendelea. Saa hizo atazitoa wapi?

Na viza yenyewe siku hizi ni ngumu kwa Watanzania. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, vyuo vyao hufunguliwa Agosti. Hata mambo yote yakienda sawa, muda huo ni mfupi mno. Kwa vyovyote vile dirisha la maombi ya vyuo vya hapa nyumbani lisimpite kwa sababu anasubiri ubalozi.

Shemeji atakutajia Hasheem Thabeet, na ni haki yake. Sote tulifurahi mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume ya Marekani, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Lakini upande wa wanawake mlango ni mwembamba zaidi. Ligi yao ya kulipwa, WNBA, mwaka 2025 ilikuwa na timu 13, kila moja ikiwa na wachezaji wasiozidi 12, wakati vyuo vya daraja la kwanza peke yake vyenye timu za wanawake ni zaidi ya 350. Mweleze habari za Nneka na Chiney Ogwumike, mtu na mdogo wake, ambao wazazi wao ni Wanigeria. Kila mmoja alichaguliwa wa kwanza kabisa, mwaka 2012 na 2014, na kila mmoja alitoka Stanford na shahada mkononi, mkubwa ya saikolojia, mdogo ya uhusiano wa kimataifa. Waliofika juu kabisa ndio hao, na hawakuacha kitabu. Mwanetu, ambaye pengine hatafika huko, hana sababu ya kukiacha.

Nafasi ya Uganda umeiandika mistari miwili tu, somo, na mimi ndiyo inayonivuta zaidi. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wametutangulia kwa kikapu cha wanawake vyuoni. Lady Canons, timu ya Uganda Christian University ya Mukono, inacheza ligi kuu ya taifa dhidi ya wanawake wazima na imeshatwaa ubingwa. Michezo mingi ya ligi hiyo huchezwa Kampala na vitongoji vyake. Msichana wa chuo cha karibu anacheza jioni, analala kitandani kwake, asubuhi yuko wodini. Kwa mwanafunzi wa uuguzi hilo linashinda uwanja wenye viti elfu kumi. Tena akiugua unamfikia kwa basi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Geita na Bukoba hatusubiri tena kivuko, na kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula si mbali. Lakini ofa yenu hiyo haitaji kozi. Inasema "udhamini wa michezo", basi. Ni wa uuguzi, au ni wa kozi yoyote yenye nafasi? Na akimaliza, Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa nyumbani litamsajili kwa masharti gani? Swali hilo mlipeleke Baraza na pia TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla hamjalipa hata senti. Kwa Marekani ni vilevile. Shahada nzuri inayomkalisha mtu nyumbani akisubiri kutambuliwa ni adhabu.

Bugando unaijua. Chuo na hospitali ya rufaa viko kilima kimoja, kozi ni miaka minne kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na Bodi ya Mikopo ipo, ingawa akianza kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa uuguzi peke yake ningemwambia apande kilima hicho kesho. Kwa kikapu, ukweli ni kwamba hapa hakuna atakayemlipia ada kwa sababu anafunga vikapu. Kuna mashindano ya vyuo vikuu, kuna ligi ya mkoa, kuna mazoezi ya jioni, na mengine ni juhudi yake. Kwa msichana wa umri wake, mwenye kipaji hicho, hilo ni pigo, na tusimwambie kwamba si kitu. Unawakumbuka wenzetu walioacha kikapu walipoingia vyuoni. Hawakuacha kwa kukosa uwezo. Timu ya wanawake haikuwepo, au uwanja haukuwa na taa, au saa mbili usiku hakuna wa kuwasindikiza. Mambo haya bado yapo, kwa hiyo chuo chochote mtakachokifikiria, mwulizeni kocha wasichana wanafanya mazoezi saa ngapi na wanarudije bwenini.

Kuna mawili mengine ambayo wazazi wengi wanaona haya kuyauliza.

La kwanza ni goti. Wasichana wanaocheza kikapu wanachanika ile ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wa mchezo huohuo; tafiti nyingi zinaonyesha mara mbili au zaidi. Nimewahudumia wodini, najua kilio chao, na mara nyingi hawalii maumivu, wanalia msimu. Baada ya upasuaji ni miezi tisa hivi au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Kwa hiyo ulizeni: mazoezini kuna mtaalamu wa viungo, au kuna barafu na maombi tu? Upasuaji analipa nani? Na udhamini unabaki mchezaji akiumia? Vyuo vya daraja la kwanza, tangu Agosti 2024, vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Kanuni hiyo ni ya daraja la kwanza. Kwa chuo chenu cha daraja la pili, someni hati ya bima yenyewe.

La pili ni rushwa ya ngono, na hapa sitazunguka. Kocha ndiye anayepanga nani acheze, nani asafiri, nani aendelee kulipiwa. Mhadhiri ndiye anayetoa alama. Msichana mchezaji ana wakubwa wa aina mbili juu yake, na yuko mbali na kwao. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hili kwa uwazi, na TAKUKURU wanapokea malalamiko. Lakini sheria ni ya baada ya tukio. Kabla ya hapo ulizeni kama benchi la ufundi lina mwanamke, timu ikisafiri vyumba vinapangwa vipi, na binti akisumbuliwa anamwendea nani asiye kocha. Kocha mwema atajibu bila kukasirika. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Uamuzi wangu basi, kwa kuwa umeutaka. Kama Uganda wataandika kwamba udhamini ni wa uuguzi, na Baraza likaridhika na chuo hicho, aende Uganda. Kama hawataandika, abaki Mwanza, nami nitahakikisha anapata timu ya jioni na mtu wa kumrudisha. Marekani nitaikubali siku kocha atakapomkutanisha kwa simu na muuguzi aliyevaa jezi yake, na pengo la pesa likawa mnaloweza kulilipa bila kuuza kiwanja. Shemeji asinielewe vibaya. Sina kinyongo na Marekani. Ninachoogopa ni binti kupelekwa akasome uuguzi akarudi na cheti cha jambo asilolichagua, kwa sababu tu ratiba ya basi la timu ndiyo iliyoamua.

Ila na yeye aulizwe, somo, tena peke yake, wewe na baba yake mkiwa hampo. Wodini nimeona wauguzi wanafunzi waliochaguliwa kozi na wazazi, na nimeona wanaotaka kuwa pale. Hata mgonjwa anawatofautisha.

Likizo ya Pasaka nitamwomba kwa mkuu wa shule aje kwangu siku mbili. Tutakaa mezani tuandike maswali yote kwa Kiingereza safi, kila chuo kipelekewe yaleyale, tuone nani anajibu na nani anapiga chenga. Mpaka majibu yarudi, shemeji asisaini kitu, na asitume pesa kwa wakala yeyote anayedai ada ya kumtafutia nafasi. Mtihani wake ni Mei. Simu za makocha zije kwako, yeye aachiwe Kemia yake.

Nitumie kwa mtu wa uhakika nakala ya matokeo yake ya kidato cha nne, na ile ofa ya Uganda kamili, kurasa zote. Wasalimie watoto, na shemeji umpe heshima zake.

Ni mimi somo yako