Yaya, ile frihodi unatafuta huku kwetu haiuzwi

Yaya,

Wewe mukubwa wangu, nilisikiliza odio yako mara tatu, ya kwanza niko ndani ya taksi, ya pili usiku, ya tatu mama akiwa kando yangu, na njo hiyo iliniuma, maana alisikia hata pale unasema tunataka kula makuta yako, ile pesa unatuma. Siku ile sikujibu, hasira ilikuwa mingi. Leo najibu, na naandika hapa mbele ya watu wote sababu wako wengi kule Ulaya wanatuma pesa ya lupango, ni kusema kiwanja, Lubumbashi halafu wanagombana na ndugu zao juu ya kitu hiki hiki. Jina lako siliweki, usiogope.

Ulisema flati yako ya Manchester ni lizihodi, miaka 99, unalipa bili za jengo kila mwaka, hata ukuta wa ndani hauwezi kubomoa bila kuomba ruhusa, basi umechoka, huku nyumbani unataka frihodi, kitu yako kabisa kabisa, udongo na nyumba, jina lako juu, mpaka kwa wajukuu. Mimi nikasema ile lupango tunakununulia tuandike jina la mama. Ukawaka moto.

Yaya, hiyo frihodi haiko. Haiko Katuba, haiko Ruashi, haiko hata Golf kwa wenye makuta. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote wa Kongo ni wa Leta, ni kusema serikali, wa Leta peke yake, na Leta mwenyewe hana haki ya kuuuza hata kama anataka. Kile watu wanauziana kila siku ni haki ya kukaa juu ya udongo na kuutumia, basi. Nyumba ukijenga ni yako, matofali yako, mabati yako, choo yako, lakini chini ya msingi pale kuna mwenyewe. Muzee, baba yetu, alisema "lupango yangu" mpaka alipokufa na hakuwa mwongo, njo vile siye wote tunasema, ila mukononi alikuwa na livre ya lojere tu, kile kitabu cha mwenye kukaa cha tangu wakati wa Babeleji, wale Wabelgiji, na unajua vile tulihangaika nacho kisha matanga.

Halafu usitucheke sana. Nilienda kusoma hiyo frihodi yenu, nikakuta hata huko udongo haukuwa wa watu. Guillaume, ule Waingereza wanaita William, alipoteka Uingereza 1066 alisema inchi yote ni yake, na tangu hapo kila mutu anashika tu kutoka kwa mfalme, neno lenyewe linasema kushika, siyo kumiliki. "Fri" yake ilikuwa kushika kama mutu huru, siyo kama yule wa kulimia bwana bila ruhusa ya kuhama. Sheria yao ya 1925 ikasafisha mambo, ikaacha njia mbili tu: frihodi, ile haina tarehe ya kuisha, na lizihodi, ile inahesabu miaka kama yako. Na mwenye frihodi akikufa bila wosia na bila ndugu wa kurithi, mali inarudia Taji. Kwa hiyo kwenu mwenye udongo anaitwa mfalme, kwetu anaitwa Leta. Tofauti ni kwamba yule wa kwenu aliacha kusumbua watu zamani, huyu wa kwetu bado anabisha mlango na karatasi mukononi.

Kile kinakaribia frihodi huku ni konsesio perpetueli, haki ya kutumia udongo wa Leta. Haina mwisho, unaweza kuuza, unaweza kuachia watoto, unaweza kuiweka benki kama dhamana. Uzuri wote unaotaka uko pale. Lakini inapewa mutu mwenye mwili na damu, siyo kampuni, na huyo mutu lazima awe Mukongomani.

Hapa njo sikutaka kusema mbele ya mama.

Ile siku ulitutumia foto na bendera ya Waingereza nyuma na ile paspoti yao mupya, tulicheza, mama alipika kuku mbili. Lakini katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganyike na mwingine. Kwa moyo wewe ni mutoto wa Katuba, hakuna mutu atakunyima hiyo. Mbele ya konsevatere, ule wa Leta anaandika haki za udongo, wewe ni mugeni, sawa na ule Muchina wa mgodi. Na mugeni anapewa konsesio ya kawaida, miaka 25 mwisho, kisha unaomba tena. Umekimbia 99 ya Manchester unakuja kupata 25 ya Lubumbashi! Samahani, nilicheka peke yangu jikoni.

Najua utasema fulani na fulani walifanya na kadi zao za zamani, wakanyamaza. Ni kweli. Inatembea vizuri mpaka siku kuko kesi, na siku hiyo avoka, wakili wa mwenzako, atatoa paspoti yako kutoka kwenye mufuko wake.

Tena siyo siye peke yetu. Hapa ngambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia walikuwa na frihodi ya Waingereza yenyewe, wakaifuta 1975, wakaigeuza kuwa lizi ya miaka 100. Kenya iko nayo bado, lakini tangu katiba yao ya 2010 mugeni hapati zaidi ya miaka 99.

Sasa sikia kitu kikubwa kuliko jina la frihodi. Ni sertifika, ile karatasi konsevatere anatoa kisha kukuandika ndani ya daftari. Unakumbuka yule baba wa pembeni ya kwetu, mwenye velo ya bluu? Alinunua kiwanja kwa komisionere, yule dalali, akapewa hati ya kuuziana, shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa, akapiga kachete, ule muhuri, mashahidi wakakunywa bia, akajenga vyumba vitatu. Konsevatere hakuenda, alisema bei ni kali, atafika mwaka kesho. Kumbe muuzaji alikuwa ameuzia na mwingine, na yule mwingine hakujenga kitu, alienda tu ofisini na karatasi zake akatoa sertifika. Sheria inasema haki juu ya udongo inasimama na sertifika, na ile hati ya kuuziana ni maneno kati yenu wawili. Miaka miwili ikipita, hiyo sertifika hakuna mutu anaweza kuiangusha, unaweza kudai fidia tu. Alipoamka ilikuwa imepita miaka miwili na miezi mine. Vyumba vitatu, Yaya. Kila siku kisha misa anapita pale, hasemi kitu.

(Na usiniulize juu ya shaba ama kobalti chini ya lupango, najua utauliza. Kasulo kule Kolwezi tangu 2014 watu walichimba mpaka ndani ya vyumba vya kulala. Madini ni ya Leta, hata ukiwa na perpetueli. Kwenu pia dhahabu na petroli haviko vya mwenye shamba.)

Basi tuko wapi. Jina la mama nilisema sababu yeye ni Mukongomani na hana mipango ya kuuza, lakini nakubali, mama akituacha inakuwa ya siye watoto wote watano sawasawa, na unamujua yule wa pili wetu. Njia ingine ni binti yako mukubwa, ana miaka 21, uraia wake ni wa hapa, perpetueli anaweza kupata bila kudanganya mutu. Hatari yake ni kwamba itakuwa yake kweli kweli, akiuza kesho kwa sababu ya bwana, wewe utalia tu kwenye odio. Ama wewe mwenyewe, miaka 25, na amani.

Jina langu usiliweke, hata ukinibembeleza. Kisha ile neno ya kula makuta, sitaki.

Muuzaji anangoja mpaka mwisho wa mwezi. Sertifika yake niliiona na macho yangu, nikaenda nayo kwa konsevatere, namba inalingana na daftari, haina deni la benki juu. Mabone mane, yale mawe ya mpaka, yako, moja limefichwa na mizizi ya mwembe, jeometre, ule wa kupima viwanja, ataona. Na mama anasema umupigie. Siyo odio, umupigie.