Usiinunue ile inayong'aa

Kariakoo,
Dar es Salaam

Ndugu yangu Hemedi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto limetukalia kooni na umeme ndio kama unavyoujua. Msalimie shemeji na watoto.

Picha za sarafu zako zimefika. Kwa sura ni drahma, sarafu za fedha za Wasasani, wafalme wa Uajemi ya kale: upande mmoja mfalme na taji lake la mabawa, upande wa pili madhabahu ya moto na walinzi wawili. Kama kweli ni za Khosrow II anavyodai huyo jamaa yako wa Muscat, basi ziligongwa kati ya 590 na 628. Wewe umeipenda inayong'aa, nyeusi unataka kumrudishia. Mimi ningefanya kinyume.

Weusi usikutishe. Ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani, utando mwembamba wa juu, na mikufu ya bibi zetu huwa hivyo hivyo ikikaa kabatini. Ukijani nao ni shaba iliyomo ndani ya fedha ikitokeza nje. Wa kuuogopa zaidi ni ule utando mzito wa kijivu unaoelekea zambarau, laini kiasi kwamba sindano inaukwaruza. Hiyo ni kloraidi, kazi ya ardhi yenye chumvi, na pale fedha yenyewe imeshageuka kuwa kitu kingine.

Lakini maradhi makubwa hayakai usoni. Unajua sisi masonara tunavyochanganya, 925 za fedha kwa 75 za shaba. Zikiwa zimeyeyuka zinaelewana vizuri. Zikipoa, fedha haina uwezo wa kuibeba shaba yote, na shaba nayo haina pa kutokea. Kwenye pete ya leo hutaona kitu. Ipe karne kama kumi na nne: shaba inajitenga polepole na kukaa kwenye mipaka ya punje za fedha, pamoja na mabaki ya madini ya risasi ambayo wasafishaji wa zamani hawakuweza kuyatoa yote. Maji ya chumvi yakipenya ardhini, njia yao ni mipaka hiyo hiyo. Na palipokandamizwa zaidi na nyundo ndipo panapoliwa upesi.

Kuna mzee aliniletea drahma ya aina hiyo ikiwa vipande viwili. Ilikuwa imepinda kidogo, akataka kuinyoosha kwa vidole, ikakatika papo hapo bila hata kuvutika. Niliiweka chini ya lenzi. Fedha nzima ukiivunja hunyumbuka kwanza, na mahali ilipokatika huonekana nyuzi nyeupe. Hii ilikuwa chembechembe za kijivu tupu, kama chumvi ya mawe iliyopondwa, na katikati ya chembe mistari myembamba ya hudhurungi. Nilipougusa ukingo kwa ncha ya sindano, chembe zikaanza kudondoka kwenye karatasi. Usoni, amini usiamini, mfalme alikuwa anapendeza kabisa, hata ushanga wa taji ulihesabika. Mzee akaniomba niiunge kwa moto. Nikakataa, maana moto unabadilisha mpangilio wa ndani wa fedha, na humo ndimo wataalamu wanamosoma jinsi sarafu ilivyotengenezwa.

Sasa itazame tena hiyo unayoitaka. Uwanda nyuma ya kichwa cha mfalme umejaa vitobo vidogo na nywele zake zimefifia. Hiyo imeoshwa kwa tindikali, na tindikali haikuondoa weusi peke yake, imekula na shaba ya karibu na uso ikaacha matundu. Halafu pale begani naona kama mistari. Ufa wa nyundo huanzia ukingoni, mpana, ukaelekea ndani moja kwa moja, na wala hauna neno, sarafu nyingi nyembamba za wakati ule zinao. Ufa wa maradhi hujipinda na kugawanyika matawi, na unaweza kuanzia katikati kabisa. Kwa picha hii siwezi kula kiapo.

Mwambie aipime mbele yako kwa mizani ya sonara. Drahma nzima inakaribia gramu 4. Ikija gramu 3 na kingo hazijapunguzwa kwa mkasi (walikuwa wakipunguza sana), huenda fedha imeshaliwa ndani. Uzito ukiwa sawa bado si cheti, kwa sababu uchafu na kloraidi hujaza mapengo. Na tafadhali asikuonyeshe mlio wake kwa kuidondosha mezani. Rupia ya Mjerumani ya gramu 11.66 itadondoka na kulia vizuri, ile ni ya juzi. Hii inaweza kukuachia vipande.

Akikwambia imefukuliwa huku kwetu, achana naye na upeleke habari Idara ya Mambo ya Kale. Fedha ya kale si ngeni pwani hii; Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vidogo mno.

Ukiichukua ile nyeusi, iache nyeusi. Ndimu hapana, ukwaju hapana, dawa ya meno hapana, na ule ujuzi wa magadi na karatasi ya alumini waachie wenye vijiko. Ishike kwa kingo, mkono mwingine ukiwa chini yake. Usiifunge kwa mpira, una salfa. Usiitie kwenye vile vifuko laini vya plastiki ya PVC, vinatoa ute wa kijani. Kikopo kinachofunga vizuri na vifuko viwili vya chembe za kukausha, vile vinavyokuja na viatu vipya, vinatosha kwa hewa ya bahari ya Tanga.

Nitumie picha ya ukingo wa kila moja kwa karibu, taa ikipiga kutoka ubavuni, pamoja na uzito. Pesa usitoe kwanza.

Wako,
Sudi