Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Utamaduni: bango la 1915 bado lina kosa

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Salamu na heshima zote. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua za faragha hazijazaa chochote. Maonyesho ya wanawake mashuhuri wa Aisilandi yamefunguliwa tena tarehe 19 Juni. Mabango ya Kiswahili ni mapya, karatasi nzito, rangi safi, makosa ni yale yale. Kwa rangi, hongera.

Uliahidi mbele ya watu kwamba makosa yangesahihishwa katika toleo lijalo. Toleo lijalo ndilo hili.

Kosa kubwa liko bango la tatu: "Mwaka 1915 wanawake wa Aisilandi walipata haki ya kupiga kura." Wanawake gani? Sheria aliyoitia saini Mfalme Christian wa 10 wa Denmark, nchi iliyokuwa ikiitawala Aisilandi, tarehe 19 Juni 1915 iliwapa kura ya bunge wanawake waliotimiza miaka 40. Wanaume walikuwa wakipiga wakiwa na miaka 25, isipokuwa watumishi wa mashambani na majumbani, ambao nao waliwekewa hiyo 40. Umri huo ulipangwa kushuka mwaka mmoja mmoja hadi ufike 25, yaani usawa ungesubiri miaka 15. Usawa uliwahi kufika kwa sababu ya mkataba wa 1918 kati ya Aisilandi na Denmark, kisha katiba ya 1920 ikaondoa tofauti ya umri. Ukiiondoa hiyo 40, msomaji anadhani mambo yalikwisha siku moja, na miaka mitano ya kudai zaidi inafutika ukutani.

Bango hilo hilo linaongeza kwamba kabla ya hapo wanawake hawakuwa na kura yoyote. Walikuwa nayo. Tangu 1882 wajane na wanawake wasioolewa waliosimamia kaya zao waliruhusiwa kupiga kura za serikali za mitaa, na mwaka 1908 orodha ya wanawake ilishinda viti 4 kati ya 15 vya halmashauri ya mji wa Reykjavík. Mmoja wa hao wanne ni Bríet Bjarnhéðinsdóttir, yule yule mliyemchapa kwa picha kubwa bango la pili! Inaonekana aliyeandika la tatu hakusoma la pili.

Tuje kwa Ingibjörg H. Bjarnason, mwanamke wa kwanza kuingia bungeni, mwaka 1922. Ninyi mmemwita "Ingibjörg Bjarnadóttir". Tunahisi kuna mtu aliyejua kwamba majina ya wanawake kule huishia -dóttir (binti wa), akaona -son (mwana wa), akajitia kusahihisha. Bjarnason lilikuwa jina la ukoo. Baba yake aliitwa Hákon, na hiyo H ndiyo yake. Liacheni kama alivyoliandika mwenyewe. Nafasi iliyobaki ielezeni kazi yake: aliongoza shule ya wasichana ya Kvennaskólinn tangu 1906, na alikuwa mbele katika mfuko ambao wanawake waliuanzisha 1915 kuchangia hospitali ya taifa, Landspítali, iliyofunguliwa 1930. Mfuko ule haumo kabisa kwenye maonyesho, ila kofia ya Ingibjörg imepewa aya nzima.

Vigdís Finnbogadóttir mmemwita "rais wa kwanza mwanamke duniani". Isabel Perón wa Argentina alikuwa rais tangu 1974, akitokea umakamu baada ya rais kufariki. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua vizuri njia hiyo tangu Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021. Sifa ya Vigdís ni nyingine: ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa kuwa rais kwa kura za wananchi, mwaka 1980, akiwashinda wanaume watatu kwa kupata takriban theluthi moja tu ya kura, kisha akakaa hadi 1996. Na msimwite "Bi. Finnbogadóttir". Kule hata rais huitwa kwa jina lake la kwanza, na faharasa hupangwa kwa jina hilo. Yenu imempeleka kwenye F. Mtu akimtafuta kwenye V anaambulia patupu.

Bango la 24 Oktoba 1975, siku ambayo wanawake wapatao asilimia 90 waliacha kazi za ofisini na za nyumbani, liko sawa. Msiliguse.

Guðríður Þorbjarnardóttir, msafiri wa zama za kale, mmempa mwaka wa kuzaliwa na wa kufa kana kwamba kuna cheti. Habari zake zinatoka kwenye saga, yaani masimulizi ya kale ya Aisilandi, zilizoandikwa karne ya 13, zaidi ya miaka 200 baada yake. Andikeni "kwa mujibu wa saga", yatosha. Jina lake nalo limechapwa "Gudridur Porbjarnardóttir". Huenda fonti ya mchapaji haina ð wala Þ, au faili lilipelekwa bila fonti kupachikwa ndani. Dawa ni kutuma PDF yenye fonti ndani, kisha kudai nakala ya majaribio na kukagua herufi hizo mbili kabla ya kuchapa mabango yote.

Mheshimiwa, chini ya kila bango mmechapa majina yetu kama wahariri. Wageni wanatunyooshea vidole sisi. Wanafunzi wananakili bango la tatu kwenye madaftari, na mwalimu akiuliza nani kasema, jibu liko pale chini kwa herufi nzito.

Tunaambiwa bajeti imekwisha. Haya. Guðríður abaki na P yake, faharasa ibaki ilivyo, hata kofia ibaki. Tunaomba kibandiko kimoja cha upana wa mstari mmoja, bango la tatu, baada ya neno "wanawake wa Aisilandi": waliotimiza miaka 40. Maneno matatu. Kama hayo pia hayana fungu, basi kibandiko hicho hicho kibandikwe juu ya majina yetu.

Wako katika kazi,
Wahariri wa maandishi ya Kiswahili