Mwanangu, kabla hujawasha mtambo huo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako kuhusu redio unayotaka kuianzisha chumbani kwako huko Marekani nimeusoma, nikaurudia, usiku nikaamka nikausoma tena. Swali langu ni moja tu: leseni iko wapi?

Habari za Mbanna Kantako umezisimulia vizuri mno. Kipofu, mpangaji wa John Hay Homes kule Springfield, Illinois, anaanza kurusha matangazo mwaka 1987 bila leseni kutoka ndani ya nyumba yake, kwa mtambo wa wati 1. Wati 1! Watu weusi wa mtaa ule wakapata pa kusemea haki zao za upangaji na waliyotendewa na polisi. Hapo sina ubishi naye, na niliposoma kwamba hata wanawe walikuwa wakishika maiki, moyo ulinijaa.

Lakini wewe tangu utoto hadithi unaiachia pale inapokupendeza. Mwaka 1989 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, walimbishia hodi wakamtaka azime, na faini juu, dola 750. Akazima siku chache, akawasha tena. Mwaka 2000 wakaja kuvibeba vyombo vyake. Na yule alikuwa kwao, mwanangu. Wewe uko huko kwa viza ya masomo.

Tena hizo 750 ni za enzi zile. Sheria ya mwaka 2020 imepandisha faini hadi dola 100,000 kwa siku, na mwenye nyumba anayejua akanyamaza naye anabanwa. Yule mama aliyekupangisha chumba bila kukudai amana, ndiyo shukrani yake hiyo?

Leseni ipo, usiniambie haipo. Tangu mwaka 2000 FCC wana FM ya nguvu ndogo, mwisho wati 100, kwa vikundi visivyo vya biashara. Mtu mmoja mmoja hapewi. Basi sajilini chama cha wapangaji, muombe. Utaniambia dirisha la maombi hufunguliwa kwa nadra, mwaka 2013 kisha 2023. Najua, nimesoma. Subirini. Aliyewahi kurusha bila leseni sheria inamkatalia leseni hiyo, kwa hiyo usiku mmoja wa kujaribu unaweza kuwaharibia wenzako wote.

Usidhani nasema haya kwa kuwa siipendi redio. Waliokusikia ukisoma taarifa ya habari shuleni bado wananisimamisha njiani kukusifu, nami nasimama nawasikiliza hadi mwisho. Na redio ya marehemu babu yako, ile uliyoilia, haikuibiwa. Ada ya muhula ule ilikuwa haijatimia.

Paa upande wa jikoni limeanza kuvuja tena. Fundi alipaka lami, ikashika wiki mbili. Mdogo wako amelichukua shati lako la bluu, nami nimemwachia. Risasi yako ya kuchomelea iko kwenye mkebe wa majani ya chai, hakuna aliyeigusa.

Umekonda. Kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba. Kula, hata kama mitihani imekaribia.

Na ule waya mweusi nyuma yako, unaopanda ukutani hadi unatokea dirishani, ni wa nini? Nijibu hilo kwanza, kabla ya salamu.

Mama yako