Choki na katriji za bata mzinga: barua kwa sahibu yangu kabla ya msimu

Columbia, Missouri
2 Machi

Sahibu yangu,

Salaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kweli kusikia kwamba cheti cha mafunzo ya uwindaji unacho mkononi na mwenye shamba amekuruhusu uingie kwake msimu huu. Mpe shemeji salamu zangu, na umwambie lile sanduku la chuma alilokushurutisha ununue kabla bunduki haijaingia nyumbani ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote utakazotoa mwaka huu. Sisi huku wazima. Baridi inalegea, na mtoto wa pili ameanza kutambaa.

Sasa maswali yako. Umeniuliza, kwa kuwinda bata mzinga, ununue choki ipi, yaani kile kibomba cha mdomoni mwa bunduki, na katriji zipi, na unataka nikutajie moja moja ili uende dukani Ijumaa. Choki sitakutajia, na tafadhali Ijumaa hiyo usinunue yoyote. Bunduki mbili za Mossberg 500 kama yako zilizotoka kiwandani siku moja zaweza kutawanya katriji ileile kwa namna mbili tofauti. Anayejua jibu ni bunduki yako mwenyewe, na yeye hujibu kwenye karatasi tu. Ninachoweza mimi ni kukueleza namna ya kumuuliza.

Nianze na ndege, maana kila uamuzi unatoka kwake. Dume la bata mzinga wa mwitu wa huku huwa na uzito wa kilo 8 hadi 11. Kifua chake ni kinene, na juu yake kuna manyoya mazito na mifupa ya mbawa zilizokunjwa. Ukimpiga mwilini unamjeruhi. Ataruka au atakimbia, na wanakimbia hasa hawa, akafie kichakani usikomwona. Kwa hiyo hapigwi mwilini. Analengwa kichwa na shingo, ili marisau, zile punje ndogo zinazotoka kwenye katriji, yafike kwenye ubongo au yavunje uti wa shingo, afe papo hapo. Shabaha yenyewe ni nyembamba, tena haitulii. Ndiyo sababu watu wanahangaika na choki.

Choki ni kile kibomba kifupi kinachofungwa kwa skrubu mdomoni mwa mtutu. Kazi yake ni kubana marisau yanapotoka, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole ili maji yafike mbali bila kutawanyika. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) una upenyo wa ndani wa takriban inchi 0.729, yaani milimita 18.5. Choki ya kawaida inayobana sana, iitwayo ful, huupunguza hadi karibu 0.695. Zile zinazouzwa maalumu kwa bata mzinga hubana zaidi, nyingi zikiwa kati ya 0.640 na 0.670.

Hapo ndipo mwindaji mpya hufikiri kwamba inayobana sana ndiyo bora. Mimi sikubaliani, na nakuomba unisikilize kwa makini hapa. Ndege unayemwita kwa filimbi akikujia vizuri atasimama yadi 15 au 20 kutoka ulipoketi. Kwa umbali huo choki ya 0.640 inatoa fungu dogo sana la marisau. Kwa yadi 10 ni mapana ya ngumi tu. Moyo wako utakuwa unadunda, mikono haitatulia, na kichwa cha ndege kinakwenda mbele na nyuma kila hatua. Fungu dogo namna hiyo linapita pembeni na ndege anaondoka mzima, au mbaya zaidi, anaondoka na marisau mawili matatu usoni. Faida ya choki ngumu iko mbali, yadi 40, na wewe mwaka wa kwanza huna sababu ya kumpiga ndege wa yadi 40.

Kwa hiyo anza na choki ya ful iliyokuja na bunduki yako. Kama hukupewa, tafuta ya kawaida, lakini hakikisha ni ya Mossberg 500. Skrubu hazifanani: choki ya Remington haiingii kwako hata kama zote ni geji 12, na hata ile ya Mossberg 835 haikufai. Kabla ya kuigusa, toa katriji zote, fungua mtutu, uchungulie. Paka grisi kidogo kwenye skrubu, kaza mpaka ikae, na uitazame tena kila ukishafyatua mara chache kwa sababu hulegea. Usifyatue hata siku moja bila choki ndani. Utaharibu skrubu za mtutu.

Katriji sasa. Ubavuni mwa mtutu wako pamechongwa urefu wa chemba, yaani pale katriji inapokaa: inchi 3. Maana yake unaweza kutumia za inchi 2¾ na za inchi 3, basi. Zile ndefu za inchi 3½ ulizoziona rafuni usizinunue hata wakikupunguzia bei, kwani bunduki yako haikutengenezwa kwa ajili yake. Na siku utakapomnunulia kijana wako bunduki ya geji 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, katriji zake zisilale kamwe mfuko mmoja na zako. Ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 huteleza ikakwama ndani ya mtutu, mtu akadhani hamna kitu, akatia nyingine nyuma yake, na mtutu ukapasuka usoni pake. Ndiyo maana kwa desturi za geji 20 hutiwa rangi ya njano.

Marisau yana namba, na namba ikipanda punje hupungua ukubwa. Yale ya madini ya risasi, namba 4 yana upana wa milimita 3.3, namba 5 milimita 3, namba 6 milimita 2.8. Katika aunsi moja ya namba 4 unapata punje kama 135, ya namba 5 kama 170, ya namba 6 kama 225. Sheria ya Missouri hairuhusu punje kubwa kuliko namba 4 kwa bata mzinga. Namba 4 hupenya vizuri lakini ni chache. Namba 6 ni nyingi lakini huishiwa nguvu mapema. Mimi napenda namba 5, katriji ya inchi 3 yenye aunsi 1¾, ambayo ni punje karibu 300. Lakini nunua pakiti moja moja ya namba tatu zote, na kama unaweza, namba 5 za watengenezaji wawili. Karatasi itaamua.

Umeuliza pia kuhusu zile za tungsteni ambazo kila mtu anazisifia. Sifa ni za kweli. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11 hivi kwa sentimita ya ujazo. Tungsteni hiyo ina gramu 18. Kwa uzito huo punje ndogo ya namba 9, milimita 2 tu, hupenya takriban kama ya risasi namba 5, na aunsi moja inabeba zaidi ya 350. Ni katriji nzuri sana kwa geji 20, hasa kwa mtoto au mtu asiyeweza mateke makali ya bunduki begani. Ila moja yaweza kukugharimu dola 10 au zaidi, na kwa bei hiyo utajizuia kufanya mazoezi. Wewe unahitaji mazoezi kuliko tungsteni. Za marisau ya chuma ziache: ni nyepesi, chini ya gramu 8, nguvu yake huisha haraka, na choki nyingi zinazobana sana hazikutengenezwa kuzipitisha.

Basi karatasi. Nenda kwenye mojawapo ya viwanja vya shabaha vya Idara ya Uhifadhi ya Missouri, asubuhi ambapo hakuna upepo. Vaa miwani na vizuia sauti. Chukua karatasi kubwa, upana wa yadi moja hivi, uchore kichwa na shingo ya bata mzinga katikati kwa ukubwa wake halisi. Kwanza piga katriji nyepesi za mazoezi kwa yadi 20, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, uone kama marisau yanakwenda unakolenga. Bunduki nyingi hupiga juu kidogo au kando kidogo, na mwenye nayo hajui. Ukikuta yako inakwenda kando, usijifunze kulenga pembeni. Funga kilengeo kinachorekebishika, kile cha nukta nyekundu kinafaa sana.

Kisha leta zile nzito. Kitako kikae imara ndani ya bega, shavu juu ya mbao, kwani katriji ya inchi 3 katika bunduki nyepesi inapiga teke kwelikweli. Piga kwa yadi 30, karatasi mpya kila mara. Halafu tafuta mahali marisau yalipokusanyika zaidi, zungushia duara la upana wa inchi 10, uhesabu matundu yaliyomo. Wawindaji wa huku hutaka yafike 100. Rudia mara tatu kwa kila aina, kwa sababu karatasi moja hudanganya. Tazama pia matundu yalivyokaa: duara lenye 120 lakini lenye pengo la kutosha kichwa kupita, mimi naliona baya kuliko lenye 105 yaliyosambaa sawasawa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili choki na katriji pamoja hutajua kilichosaidia ni kipi. Andika yote nyuma ya karatasi zenyewe: choki, katriji, umbali. Mwisho piga ukiwa umeketi chini, mgongo kwenye nguzo, bunduki juu ya goti, maana ndivyo utakavyokaa msituni.

Katriji ikishinda kwa yadi 30, ijaribu kwa 35 na 40, na pia kwa 15. Pale ambapo 100 hazifiki tena, ndipo umbali wako unapokoma. Ukiwa na ful na risasi namba 5 huenda ikawa 35. Kama ful imeshindwa kabisa hata kwa 30, hapo ndipo ununue choki ya bata mzinga, ya 0.665 au 0.670, uanze upya.

Asubuhi ya kuwinda, kabla hapajapambazuka vizuri, chagua miti miwili iliyo kwenye umbali wako wa mwisho, kushoto na kulia. Dume likiwa nyuma ya miti hiyo, hata akitandaza mkia na kunguruma vipi, mwache. Akiwa amejitutumua, shingo ameikunja ndani ya manyoya, pia mwache. Toa mlio mmoja mfupi wa filimbi, atanyoosha shingo kutazama. Hapo ndipo. Na uhakikishe nyuma yake hakuna ndege mwingine wala kitu usichokijua.

Nguo usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na msituni kuna watu wengine wenye bunduki. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukisikia mlio, usinyemelee. Huenda ni mtu anaita kama wewe.

Kuhusu kuchinja, muulize sheikh wako mapema, wala si ukiwa tayari porini. Mimi hupiga bismillahi kabla ya kufyatua, kisu kikali kiko kiunoni, nikaenda mbio kwa ndege bunduki ikiwa imefungwa usalama. Nikimkuta ana uhai namchinja.

Yule kijana wa viza ya masomo anayetaka kuandamana nawe, mwambie asishike bunduki wala katriji bado. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Aipate kwanza, hata kabla ya kuja uwanjani.

Msimu unafunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, kwa hiyo muda upo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu niko huru. Njoo na bunduki ikiwa tupu ndani ya mkoba wake, choki ya ful, pakiti zako za namba 4, 5 na 6, na karatasi nyingi kuliko unazodhani utahitaji. Mifuko ya mchanga na tepu ninazo. Nijulishe kabla ya Alhamisi ili mama watoto ajue idadi ya wageni.

Wasalaam,
Sahibu yako