Programu za kutafutia zijue ngeli zetu

Mhariri,

Kazi yangu ni kusaka habari za zamani kwenye hifadhi za mtandaoni, na kuna jambo linalonikera. Andika "mwalimu" kwenye kisanduku cha kutafutia, na mara nyingi habari zenye "walimu" hazitokei. Andika "soma", hupati "walisoma" wala "hawajasoma". Habari ipo, lakini kwa anayeitafuta ni kama haipo.

Chanzo kinajulikana. Mbinu nyingi za kutafutia maneno zilibuniwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno. Ile maarufu ya mtaalamu wa kompyuta Martin Porter ya mwaka 1980 hukata viambishi tamati vya Kiingereza. Kiswahili hubadilika sana mwanzoni: kitabu, vitabu, jino, meno. Kukata mkia pekee hakutufai.

Wataalamu wa kompyuta wakae na wanaisimu, programu itambue mzizi wa neno kwanza. Kamusi zetu huorodhesha vitenzi bila viambishi awali, kwa hiyo pa kuanzia papo. Matokeo nayo yapangike kwa tarehe, jamani! Mwanafunzi anayetafiti kwa Kiswahili asilazimike kukimbilia Kiingereza ili apate anachotaka.

Msomaji wenu